Tangawizi Katika Nchi ya Majani Chai

Ndugu mkulima wa Kericho na Bomet, asubuhi unapokunywa kikombe chako kabla ya kwenda kuchuma, yaelekea sana kwamba ndani ya sufuria mlitiwa kipande cha tangawizi. Majani ni ya kwenu, na maziwa ni ya ng'ombe wako mwenyewe. Tangawizi lakini umeinunua sokoni, na mara nyingi imekuja kwa lori kutoka Uganda au Tanzania. Ndiyo sababu wakulima wengi wanauliza kama mmea huu hauwezi kupandwa hapa hapa nyumbani.

Jibu ni kwamba waweza, ila si kila mahali. Tena mtu akiupanda ovyo, kwa mbegu aliyookota popote, aweza kuiharibu ardhi yake ya viazi kwa miaka mingi. Kwa hiyo soma habari hizi mpaka mwisho kabla hujachukua jembe.

MMEA WENYEWE

Tangawizi hukua kufika kama mita moja kwenda juu. Majani yake ni marefu na membamba, na kwa mbali huonekana kama mwanzi mchanga. Kile kinachouzwa sokoni watu hukiita mzizi, lakini si mzizi. Ni shina linalolala chini ya ardhi, lenye vidole na macho, kama vile kiazi cha mviringo nacho kilivyo shina. Manjano na iliki ni ndugu zake wa ukoo mmoja.

Hakuna mahali popote duniani panapojulikana ambapo tangawizi hii huota porini yenyewe. Watu wa Asia waliitunza mashambani mwao tangu zamani sana, na kwa kuwa haizai mbegu za kutegemewa, kila mmea hutokana na kipande kilichokatwa kwa mmea mwingine. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakaposema habari za ugonjwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki ilifika kwa vyombo vya bahari.  Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali na kitoweo, na pembeni aliwekewa ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Basi watu wa pwani wameijua kwa karne nyingi. Mpaka leo ukienda Mombasa, Lamu au Unguja jioni, utawaona wauza kahawa na madele yao ya shaba, na kahawa ile chungu mara nyingi imetiwa tangawizi.

Huku kwetu milimani ni mgeni. Wazee wa Kipsigis walikuwa na dawa zao za msituni, na maziwa yao ya mursik waliyatengeneza, kama yanavyotengenezwa bado, kwa mkaa wa senetwet ndani ya kibuyu. Tangawizi ilikuja nyuma ya majani chai. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, mashamba makubwa ya Kericho yakafunguliwa katika miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakapata nafasi yao kamili baada ya Halmashauri ya Maendeleo ya Chai, yaani KTDA, kuundwa mwaka 1964. Desturi ya kuchemsha majani pamoja na maziwa na viungo ni ya Wahindi, nayo ilienea kutoka madukani na vituoni mwa reli mpaka ikaingia katika kila jiko.

Usichanganye tangawizi ya jikoni na mimea mingine ya ukoo wake. Katika misitu yenye unyevu, kama ule wa Kakamega, kuna mmea wa porini wenye majani yanayofanana nayo na matunda mekundu yanayotokea karibu na ardhi. Huko Uganda matunda hayo huitwa matungulu na huuzwa sokoni, nayo ni matamu yenye uchachu. Huo hauna tangawizi chini yake. Kuna pia tangawizi za maua, ndefu, zenye maua meupe au ya manjano yanayonukia sana, ambazo watu hupanda bustanini kwa urembo. Ikiwa unayo ya namna hiyo, usiitupe mtoni wala kando ya msitu. Katika nchi nyingine zenye mvua nyingi imefunika sakafu ya misitu hata miche ya miti ikakosa nafasi.

JIKONI NA KWENYE MARADHI

Akina mama wengine hulalamika kwamba wakitia tangawizi mbichi, maziwa hukatika. Si uchawi, wala si lazima maziwa yawe mabovu. Ndani ya tangawizi mbichi mna kitu kinachogandisha maziwa, nacho hufa kikichemka. Kwa hiyo ponda tangawizi, uichemshe ndani ya maji peke yake kwa dakika tano au zaidi, ndipo utie majani, na maziwa yaje mwisho. Utapata chai safi yenye harufu nzuri. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, kwa hiyo itumie kidogo.

Habari za dawa zataka uangalifu. Watu wa pwani, wa Bara Hindi na wa Uchina wameitumia tangawizi kwa tumbo lililojaa gesi, kwa kichefuchefu, kwa mafua na kwa baridi ya mwili. Wataalamu wa siku hizi wameichunguza, na jambo walilolithibitisha kuliko mengine ni hili la kichefuchefu. Mama mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu cha asubuhi aweza kupata nafuu kwa tangawizi kiasi katika chai au chakula. Akitapika hata asiweze kuweka maji tumboni, huyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Kwa mafua na koo linalowasha, maji ya moto yenye tangawizi, ndimu na asali huburudisha. Yanaburudisha tu, hayaui vijidudu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Na mtu anayekohoa wiki mbili mfululizo, anayekonda au kutoka jasho usiku, asikae nyumbani akinywa tangawizi. Aende akapimwe kifua kikuu. Kadhalika homa. Wilaya zetu za milimani zimepata kuingiwa na malaria ya mlipuko mara kadhaa, na watu wa milimani huumia zaidi kwa kuwa miili yao haijaizoea. Mwenye homa hupimwa damu kwanza, chai baadaye. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande naye amwulize daktari kabla ya kunywa tangawizi nyingi.

MAHALI PANAPOFAA

Sasa tuje shambani. Tangawizi yapenda joto na mvua. Mvua tunayo; katika sehemu za chai za Kericho hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hiyo yatosha kabisa. Upungufu wetu ni joto. Tangawizi hustawi vizuri kutoka usawa wa bahari mpaka kama mita 1,500, lakini sehemu kubwa ya chai yetu iko juu ya mita 1,800, na kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil kiko karibu mita 2,200. Huko juu mmea huu haufi. Hukaa tu kama mtoto aliyenyimwa chakula: majani machache, vidole vyembamba, na kungoja kwingi.

Ikiwa shamba lako liko Soin au Sigowet, upande ule unaoteremka kuelekea mashamba ya miwa, wewe una nafasi nzuri kuliko sisi wote. Huko tangawizi yaweza kuwa zao la kuuza. Walio katika sehemu za chini za Belgut, Bureti na Sotik wajaribu tuta moja au mawili kwanza. Walio juu, mathalani Konoin au Ainamoi, waipande karibu na ukuta wa jiko upande wa jua, mahali palipokingwa na upepo na mvua ya mawe, nayo iwe ya sufuria yao wenyewe. Asije mtu akang'oa chai ya Konoin ili apande tangawizi. Hiyo itakuwa hasara tupu.

Jambo la pili ni udongo. Chai ni mmea wa ajabu kwa kuwa hupenda udongo mchungu ambao mazao mengi huukataa. Tangawizi haitaki uchungu kiasi hicho. Kwa hiyo usiipande katikati ya mistari ya chai ukidhani kwamba mbolea ya chai itailisha pia. Udongo utakuwa mchungu mno, na mbolea ile ina naitrojeni nyingi ambayo italeta majani mengi na vidole vichache. Tena wachumaji wataikanyaga, na wewe ukichimba tangawizi utakata mizizi ya chai.

Lakini je, hujapata kuona mahali katikati ya shamba la chai ambapo miche haikubali kabisa? Chai huko huwa ya manjano na kudumaa, na mingine hufa, hata ukiongeza mbolea namna gani. Mwulize mzee wa jirani naye atakwambia, "Hapo palikuwa na nyumba," au, "Hapo palikuwa boma la ng'ombe." Wataalamu wa chai wanaijua sana hali hii. Majivu ya jiko na samadi ya miaka mingi viliondoa uchungu wa udongo, na chai haiwezi kuishi bila uchungu huo. Mkulima hulipa gharama kila mwaka kujaza pengo ambalo halijai.

Mahali kama hapo ndipo pa kujaribu tangawizi. Majivu yameacha potasiamu, ambayo mmea unaofanya vidole chini ya ardhi huihitaji sana. Samadi imeacha udongo laini mweusi. Na uchungu umepungua. Tuseme pengo lako lina upana wa hatua sita na urefu wa hatua kumi. Pale ambapo umekuwa ukipoteza miche ya chai mwaka baada ya mwaka, paweza kukupa tangawizi ya nyumbani na ya kuwapelekea majirani, mradi hapako juu mno kwa baridi. Kabla ya kuanza, chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za pengo hilo, uuchanganye, ukaupimishe. Kituo cha Timbilil hupima udongo, na Bwana Shamba wa kata yako atakueleza jinsi ya kuuchukua.

Ikiwa huna pengo la namna hiyo, tengeneza tuta mahali pengine mbali na chai, ukitia samadi iliyooza vizuri na majivu kiasi. Majivu yenyewe usiyamwage penye chai, wala chokaa usiitie karibu nayo, la sivyo utaanzisha pengo jipya kwa mikono yako.

MBEGU NDIYO HATARI

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu huenda sokoni, hununua kilo tatu za tangawizi ya kupikia, hukata vipande na kupanda. Hajui imetoka shamba gani. Baada ya miezi michache, majani ya chini hugeuka manjano na kujikunja, kisha mmea mzima hunyauka ungali kijani. Ukiushika shina hukatikia mkononi, na chini huwa umelainika na unanuka. Huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya.

Ubaya wake haukomi kwenye tangawizi. Bakteria wa jamii hiyo ndio wanaonyausha viazi, nyanya, biringani, pilipili na mnavu. Mkulima wa Bomet anayepanda viazi anaujua mnyauko huo vizuri. Si kila mnyauko wa viazi unaoshika tangawizi, wala si kila wa tangawizi unaoshika viazi, lakini kwa macho huwezi kuwatofautisha, na wakisha kuingia katika ardhi hukaa miaka. Husafiri kwa maji yanayoteremka mlimani, kwa jembe, kwa udongo ulioshika viatu. Kipande kimoja cha tangawizi kibovu kilichopandwa juu ya mteremko chaweza kupeleka msiba mpaka kwa jirani aliye chini, ambaye hata hanywi chai ya tangawizi.

Kwa sababu hiyo, usipande tangawizi mahali ambapo viazi au nyanya zilinyauka, wala usizifuatishe baada yake. Fuatisha mahindi au nyasi za ng'ombe. Na ukiona mmea mmoja umenyauka ungali kijani, fanya jaribio hili. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ikiwa baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka pale palipokatwa, umekwisha kujua. Ng'oa mmea huo pamoja na waliouzunguka, uchome moto, usitupe kwenye shimo la mboji, na uoshe jembe lako. Kisha mwite Bwana Shamba.

Kuna ugonjwa mwingine wa kuoza unaoletwa na ukungu wa udongoni, ambao hushika mahali maji yanapotuama. Huo waweza kuuzuia kwa matuta yaliyoinuka na mifereji mizuri.

Mbegu nzuri hutoka kwa mkulima ambaye umekwenda kwake, ukaona shamba lake likiwa limesimama, likiwa na afya. Huko Tanzania wakulima wa milima ya Upare wilayani Same, sehemu za Mamba na Myamba, wana sifa ya tangawizi, lakini hata mbegu ya mahali penye sifa yapasa kukaguliwa. Chagua vidole vinene, vizito, vyenye macho yaliyovimba. Vilivyosinyaa, vyenye madoa ya maji au harufu mbaya, acha. Wengine huvutwa na bei ya chini, rahisi hughali.

KUPANDA NA KUTUNZA

Kata vipande vya gramu 30 mpaka 50, kila kimoja kiwe na macho mawili. Kisu kichovye katika maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe kila unapomaliza kidole kimoja. Viache vipande kivulini siku tatu au nne ili majeraha yakauke, kisha vitandaze katika vumbi la mbao lenye unyevu kidogo mpaka macho yachipuke. Kwetu kwenye baridi hatua hii ya kuchipusha yasaidia sana, maana kipande ambacho hakijachipuka chaweza kukaa ardhini wiki nyingi na kuoza.

Mwezi wa Machi mvua zikianza, au Aprili mwanzoni, tayarisha tuta la upana wa mita moja lililoinuka kama sentimita 20. Panda mistari mitatu, kina cha sentimita tano, na kati ya kipande na kipande sentimita 25. Tuta la mita tano litachukua vipande 60, yaani kama kilo mbili na nusu za mbegu. Kwa mara ya kwanza tuta kama hilo latosha. Funika kwa matandazo ya nyasi kavu ili udongo ushike joto na magugu yasiote. Usitumie matandazo yaliyotoka shamba la viazi.

Palilia kwa mkono, maana jembe hukata vidole, na jeraha ni mlango wa ugonjwa. Mara mbili au tatu inulia udongo kwenye mashina, hasa vidole vinapoanza kutokeza juu. Kivuli kidogo hakidhuru katika sehemu za joto; huku juu mmea wataka jua lote unaloweza kuupa.

Katika sehemu za chini tangawizi huwa tayari baada ya miezi minane mpaka kumi, majani yakisha kuwa manjano na kulala. Huku juu ongeza miezi. Ile ya kutia katika chai yako waweza kuanza kuichimba kidogo kidogo baada ya miezi sita, ukifukua ubavuni na kukata kidole kimoja, mmea ukaendelea. Chimba kwa uma wa shamba siku kavu. Desemba mpaka Februari ndiyo majira mazuri, maana ukitaka kuikausha utahitaji jua, na hapa kwetu miezi mingine mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ya kukausha ikwangue ganda, uikate vipande vyembamba, uianike juu ya mkeka safi ulioinuliwa, si kando ya barabara, mpaka ivunjike kwa mlio. Iliyoota ukungu usiipike wala usiiuze.

Jambo moja ambalo mkulima wa mahali pengine hana haja ya kuambiwa. Majani ya chai hunyonya harufu upesi sana. Usiweke tangawizi katika kikapu au gunia la kupelekea majani mabichi kituoni, wala usihifadhi pakiti za chai ya nyumbani katika kabati moja nayo. Ni kweli siku hizi kuna chai inayouzwa ikiwa imechanganywa na tangawizi, lakini hiyo huchanganywa kwa vipimo. Majani yaliyobeba harufu kwa bahati mbaya ni hasara.

Ya mbegu ya mwaka ujao itenge siku ile ile ya kuchimba, kabla jikoni hawajaiona. Chukua kutoka mimea ambayo haikuonyesha dalili yoyote, usiioshe kwa maji, ipanguse udongo tu. Ilaze katika sanduku lenye mchanga mkavu, tabaka juu ya tabaka, mahali penye kivuli na hewa, uitazame kila wiki mbili na kutoa inayolainika. Mwezi wa Februari mwishoni macho yataanza kuvimba.